Ngumi Moja ya Unga

Zulekha mwanangu,

Salamu nakupa leo, kwa sababu kesho pale stesheni nitakuwa nalia na sitazikumbuka. Sasa hivi alasiri imeshaadhiniwa. Wewe na babako mmetoka kuzunguka kuaga, nyumba hii na nyumba ile, na mimi nimesema mguu waniuma. Mguu hauniumi. Nimekaa jikoni na daftari lako la zamani la jiografia, naandika kwenye kurasa ulizobakisha, maana haya nikitaka kukwambia kwa mdomo wewe utacheka, mimi nitakasirika, na hatutafika popote.

Sikuandikii habari za sweta. Za sufuria pia sisemi, wala za kuweka kijiko chako mbali na vijiko vya wenzako. Hayo umeyasikia wiki nzima mpaka ukawa waniitikia kabla sijamaliza kusema. Nataka kukuandikia nilivyokosea mimi. Hayo mengine utayapata kwa daktari yeyote, lakini haya hakuna anayeyajua kama mimi, na mengine hata babako sikumwambia yote.

Ulipokuwa na miaka minane ulikuwa tumbo na macho tu. Miguu myembamba, tumbo limejaa, nywele zabaki kwenye chanuo, na huko chooni nisikuaibishe, wewe ni mtu mzima sasa. Jirani wa kwanza alisema minyoo. Wa pili akasema jicho. Nikakupa dawa ya minyoo, nikakuandikishia kombe kwa maalim, aya za zafarani kwenye sahani zikaoshwa kwa maji, ukalinywa, na juu ya hayo yote nikakulisha. Kila nikikuona umekonda nakusukumia chapati mbili za samli na kukaa mbele yako mpaka umezimaliza. Kula mamangu, upate nguvu. Nikikumbuka nilivyokuwa nakusimamia pale nataka kujipiga kofi. Chapati ndiyo iliyokuwa yakuangusha, na mimi nikikuona umeanguka naongeza nyingine.

Aliyeujua ugonjwa ni yule daktari mwanamke, mtu wa bara, mpole, wa kusema polepole. Alitoa damu, halafu ukalazwa usingizi ukapitishwa mpira wenye kamera mpaka ndani. Siku ya majibu akatukalisha babako na mimi akasema huu waitwa seliaki. Ndani ya ngano, akasema, na ndani ya shayiri pia, mna kitu kinaitwa gluteni, na mwili wa huyu mtoto ukikipata hicho waanza kuupiga vita utumbo wake mwenyewe, mpaka chakula chapita bila kumfaa kitu. Kidonge chake hakuna. Dawa yake ni kutokula. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema maisha yake yote. Nikamuuliza, hata sikukuu? Babako akanitazama.

Lakini nilipofikiri kidogo nikacheka, wallahi, nikacheka mbele ya daktari. Nikamwambia sisi watu wa Mombasa ni wali. Ni pilau, muhogo, ndizi, mbaazi za nazi. Na mimi mwenyewe kazi yangu ni vitumbua, nauza hapo mlangoni kila asubuhi, na kitumbua ni mchele. Nikamwambia huyu atakuwa amenenepa kabla ya Maulidi, nitakuletea umwone. Daktari akatabasamu akaniambia nimshukuru Mungu kwa kuzaliwa pwani.

Nikarudi nyumbani nikafagia. Chuma cha chapati nikampa jirani. Mahamri nikaacha kupika, sambusa zikahama nyumba, tambi za Ramadhani nikazitoa. Babako naye, unamjua, karani wa ghala Shimanzi, mtu hawezi kuona gunia asisome kilichoandikwa, akaanza kusoma kila kibati jikoni mwangu. Ndiye aliyegundua kwamba hata mvuje wa dukani, kile kiungo cha harufu kali, umechanganywa na unga wa ngano. Tukautupa. Nikajiona mama hodari kuliko wote kutoka hapa mpaka Makadara. Na kila asubuhi kabla ya shule nakupa vitumbua vyako vitatu, vya moto, navyo naona ndivyo vitakavyokuponya.

Ukapona nusu. Tumbo likashuka, ukaanza kucheza, kisha ukasimama pale pale. Miezi sita baadaye daktari akatoa damu tena, akaikunjua karatasi ya majibu, akaniuliza kwa upole kama kuna ngano yoyote yaingia mdomoni mwa mtoto. Nikamwapia. Nikamwambia nyumbani kwangu ngano haiko. Akasema basi inatoka mahali, damu haidanganyi.

Kama si mimi, basi ni wewe. Hivyo ndivyo nilivyofikiri ndani ya tuktuk kutoka hospitali mpaka nyumbani, na sikukusemesha njia nzima. Tulipofika nikakuuliza shuleni unakula nini. Ukasema chakula ulichonipa. Nikakuuliza mandazi ya pale kantini je. Ukasema sijala, mama. Nikakuuliza tena kesho yake, na kesho kutwa. Nikakukata pesa za mapumziko. Nikaenda kwa mwalimu wako kumwambia akuchunge. Ukirudi shule, kabla hujavua viatu, nakunusa mdomo na vidole. Hilo la kunusa babako hakulijua. Na mbele ya nyanyako, Mungu amrehemu, nikasema huyu mtoto amekuwa mwongo, atakufa kwa tamaa yake. Ulikuwa na miaka tisa.

Kitu kinachoniuma zaidi kilikuja baada ya wiki tatu. Tulikuwa tumemaliza kuswali magharibi, bado niko juu ya msala, ukaja ukakaa karibu yangu ukasema, "Basi mama. Nilikula."

Nikakuuliza ulikula nini. Ukasema mandazi. Mangapi? Ukafikiri kidogo, ukasema mawili. Zulekha, mimi nilifurahi. Nakwambia kweli, nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Nikakukumbatia nikakusamehe, nikaenda jikoni nikakuletea kitumbua kwa sababu umesema kweli.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia. Siku ya nne mafuta yakanirukia, kiganja chote cha kulia kikababuka, nikafungwa bandeji. Na watu wameshaagiza vitumbua vya futari. Babako akatoka kazini saa tisa akaniambia nielekeze, nitakoroga mimi. Na yeye hafanyi kitu bila kuandika, akachukua karatasi na penseli akakaa hapa hapa nilipokaa mimi sasa. Nikamtajia. Mchele uliolowekwa. Tui zito. Sukari, iliki, hamira. Anaandika kimoja kimoja kwa mwandiko wake ule wa ghala. Nikamwambia, halafu tia ngumi moja ya unga wa ngano.

Penseli ikasimama.

"Unga wa nini?"

"Wa ngano," nikamwambia. "Ngumi moja tu, vishikane."

"Ni vitumbua hivi hivi anavyokula Zulekha?"

Hebu nikueleze, maana wewe umekua bila kuuona unga huo na utadhani mamako alikuwa mwendawazimu. Nyanyako alinifundisha vitumbua nikiwa mdogo kuliko wewe ulivyokuwa, naye alifundishwa na mamake. Wote tulitia ngumi ile. Wala hatukuihesabu. Ukituuliza kitumbua kina nini, tutakwambia mchele na tui, na hatusemi uongo, ndivyo tunavyoamini. Ngumi ile ni ya kushikanisha, kama vile mtu hasemi amekula maji aliyopikia wali. Nyumba nzima nilitoa ngano, lakini juu ya rafu ya kazi palikuwa na kopo moja dogo, na kopo hilo katika kichwa changu halikuwa chakula. Lilikuwa kopo la kazi. Mkono wangu uliijua njia yake peke yake, hata macho hayakuwa na habari. Ilibidi mkono uungue ndipo mdomo uliseme.

Kwa hiyo miezi yote ile niliyokuwa nakunusa vidole, ni mimi niliyekuwa nakulisha ngano vitumbua vitatu kila asubuhi. Na kile cha zawadi.

Babako hakunigombeza. Alilichukua kopo akatoka nalo, sijui alilitupa wapi. Mimi nikapanda ngazi mpaka darini ulipokuwa wafanya hesabu zako. Kwetu mzazi hamwombi mtoto radhi, unajua. Anamnunulia kitu, au anampikia anachokipenda, mambo yakaisha. Nami kwa kukupikia nilikuwa nimeshafanya ya kutosha. Nikakaa chini sakafuni nikakwambia mwanangu nisamehe, ngano ilikuwa mkononi mwangu, ilikuwa kwenye vitumbua vyangu, wewe hukukosa kitu. Nilitaraji utalia. Ukaniangalia sana, kisha ukaniuliza, "Kwa hivyo mimi si mwongo?"

Hukumbuki, najua. Niliwahi kukuuliza ukasema hukumbuki. Mimi nakumbuka kwa niaba yetu sote wawili.

Sasa nikupe na ya kufurahisha, maana hii barua si ya kilio. Kesho yake vitumbua vyangu visivyo na ngano vilivunjika vyote. Watu wa futari waliletewa makombo. Siku ya pili vikanata kwenye karai. Ya tatu vikawa vigumu, babako akavila vyote na taya lake lilikuwa lasikika. Siku ya sita nikasaga wali uliopikwa, kidogo tu, pamoja na mchele mbichi, nikaukoroga, nikauacha uumuke. Nikapindua cha kwanza kwa mkono wa kushoto kikapinduka. Cha pili kikapinduka. Nikakuita kwa sauti mpaka jirani wakadhani nimeungua tena. Ukala kimoja pale pale, unahema kwa moto, ukasema mama hivi ni vitamu kuliko vile. Na vilikuwa vitamu kuliko vile! Miaka na miaka sisi wote tulikuwa tunaviharibu kwa ngumi ya unga bila sababu.

Daktari alipotoa damu mara nyingine alinigeuzia karatasi nijisomee. Mimi sikujua kusoma zile namba, lakini uso wake niliusoma. Mwaka ule sare ya shule ilikuwa fupi kabla ya muhula wa pili. Nywele zikarudi, nikaanza kukusuka tena. Nilikuwa nakuamuru usimame wima penye mlango kila Ijumaa nikupime, na wewe wajinyoosha kwa vidole kuniibia. Watu wakaanza kuja kwangu kutoka mbali, mama mmoja avuka Feri kila Jumamosi na kijana wake, kwa sababu wamesikia kuna mwanamke Mji wa Kale anapika vitumbua ambavyo mtoto asiyekula ngano anaweza kula. Mashallah, nikawa mtu wa kutafutwa.

Ungedhani nimeshajifunza. Sikujifunza. Ulikuwa na miaka kumi na nne Khalati Fauzia alipomuoza bintiye. Tukaketi kwenye sinia, wanawake watano, biriani mbele yetu, na wewe ukaniegemea ukaninong'oneza nimuulize khalati vitunguu vilikaangwa na nini. Haya, wewe unajua adabu ya kwetu. Mtu akikukaribisha chakula humuulizi ametia nini. Ni kama kumwambia hujui kupika, au mbaya zaidi, kwamba unamwogopa. Na pale palikuwa na wakwe wa watu wanatutazama. Nikakufinya paja chini ya buibui nikakwambia kula. Biriani yenyewe ni wali, nikajiambia, itakuwa na nini.

Ukala, kwa sababu ulikuwa mtoto mtiifu. Vitunguu vilikuwa vimekaangwa kwenye mafuta yale yale yaliyokaangiwa sambusa za ngano. Siku tatu ulikuwa kitandani umejikunja na mtihani wako mmoja ukakupita, na mimi nimekaa pembeni na ndoo. Fauzia alipokuja kukuangalia nikamwambia sababu. Alilia kuliko mimi. Akaniambia kwa nini hamkuniuliza, ningempikia chake kwenye sufuria mpya. Mwanamke niliyemwogopa kumvunjia heshima ndiye aliyekuwa tayari kununua sufuria. Tangu siku hiyo nikaapa sitakufinya tena, na sikukufinya, lakini bado nilipenda uniachie mimi niulize, kwa siri, jikoni, bila watu kusikia. Nilidhani ndio ulinzi huo.

Ndipo ikaja barua ya chuo. Uhandisi, na Eldoret. Wewe wapiga vigelegele mwenyewe, na mimi nikasema hapana. Nikasema kuna vyuo hapa. Nikasema Eldoret ndiko inakolimwa ngano yenyewe, chapati asubuhi na chapati jioni, mandazi mapumziko, nani atakuulizia? Babako alijaribu nikamrukia. Wiki mbili hatukusemezana vizuri humu ndani, unapita na kikombe chako na mimi napita na chungu changu. Ulidhani nina ubahili wa mapenzi. Sikuwa nao. Nilikuwa nakuona umejikunja kitanda cha kigeni na hakuna mwenye ndoo.

Unajua siku niliyogeuka? Hujui, maana sikukwambia. Ni ile Jumapili Khalati Fauzia na wakwe zake walipokuja kula kwetu. Nilikuwa nimekaanga bajia za dengu, dengu tupu, na nimekuandalia sahani yako. Sahani ilipokufikia, hukuinua mkono. Ukanigeukia mbele ya wageni wote, kwa heshima, sauti ya kawaida kabisa, ukaniuliza, "Mama, huu unga wa dengu umeununua wapi?"

Uso ukaniwaka. Nikakujibu, "Wanihoji mimi, mamako?"

"Naam, mama. Nauliza tu."

Duka letu la siku zote, la yule Banyani wa pakiti zilizofungwa, lilikuwa limefungwa siku ile, nikanunua unga wa kupimiwa kwingine huko Makadara. Nikasema hivyo. Wewe ukasema basi nitakula muhogo, ukaisogeza sahani kwa mkwe wa Fauzia ukamkaribisha, ukaendelea na hadithi uliyokuwa unasimulia. Hakuna aliyenuna. Yule mama alikula bajia zake na zako. Aliyekuwa na uso mzito pale ni mmoja tu, naye ni mimi.

Asubuhi yake nilikwenda Makadara kwa hasira, ili nikuthibitishie kwamba unga ule ni safi. Nikasimama mbele ya duka nikamwangalia muuzaji. Alimpimia mteja unga wa ngano kwa bakuli, akalikung'uta, na bakuli lile lile akalichovya kwenye gunia la dengu. Nilisimama pale watu wanipita na vikapu. Muuzaji akaniuliza nataka nini, nikamwambia sitaki kitu, nimepata.

Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu huku nacheka peke yangu. Maana miaka kumi na moja nilikuwa naogopa siku utakayokaa mbele ya chakula cha mtu unayemheshimu na mimi sipo. Siku hiyo ilikuwa imeshapita jana yake, kwenye chumba changu mwenyewe, na mtu huyo nilikuwa mimi. Hukuniogopa. Hukunivunjia heshima pia. Uliuliza, ukasikia, ukaacha, na hadithi ikaendelea. Nilipofika nikamwambia babako anunue tiketi ya gari la moshi. Wewe ulidhani ni yeye aliyenishawishi, na yeye amejivunia mwezi mzima, usimwambie.

Huko uendako wengine watasema una maringo. Wengine watasema mtoto wa pwani kadekezwa. Mpishi wa bweni atakukunjia uso mara ya kwanza. Waache, uulize. Mimi niliogopa nyuso za watu wa harusi, na leo sikumbuki hata walivaa nini, lakini zile siku tatu zako nazikumbuka zote. Na siku ukikosea, maana utakosea, ukala kitu ukaumwa, usijitukane. Usikubali mtu akwambie ni tamaa. Nipigie mimi simu, sitakuuliza ulikula nini. Nitakuuliza waendeleaje.

Nasikia sauti zenu kule chini mlangoni, babako anamweleza mtu uhandisi ni nini, naye hajui. Nimalize.

Ukirudi likizo ya kwanza utanikuta nimepika tangu asubuhi. Nitakuwa na hamu nawe mpaka nimechanganyikiwa, nitakusukumia sahani kabla hujavua viatu, nitakwambia kula mamangu. Usiishike. Niangalie usoni, mbele ya babako na mbele ya yeyote atakayekuwepo, uniulize mimi nimetia nini. Nitakutajia kimoja kimoja, na nisichokijua nitakwambia sikijui, na wewe utakiacha.

Mamako